Mipira Iliyoanguka kwa Mama Esnah

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao cha bustani ya Kebirigo, na kwa mwezi mzima nilijisifu nazo kila nilipopata msikilizaji. Watu walikuwa wamezozana miaka miwili. Shule ya wasichana haikuwa na uwanja, ikachora wake ndani ya bustani ya kaunti. Akina mama waliopanda miti mle wakang'oa magoli, shule ikayarudisha, wakayang'oa tena. Kamati yetu, mimi nikiwa katibu, ilimaliza ugomvi huo kwa siku moja. Nusu ya juu ikabaki ya miti na wapumzikaji, nusu ya chini ikawa ya shule.

Kulikuwa na jambo moja dogo la mwisho, nalo ni Mama Esnah. Shamba lake linapakana na ile nusu ya chini. Mumewe Jethro, aliyekuwa dereva wa lori la majani chai, alifariki zamani. Wanawe wawili wako Amerika, mmoja Nairobi, na huonekana Desemba, tena si kila Desemba. Majani yake huchuma mwenyewe, na ugali wa mtu mmoja huupika katika sufuria ya watu wanane, kwa sababu ndiyo sufuria aliyonayo.

Wasichana walipocheza, mipira ilivuka ua ikaangukia mboga zake za chinsaga. Mpira ukishaingia kwake haukutoka hivi hivi. Aliutia katika kikapu cha kuchumia chai, akakiweka barazani, akaketi. Wasichana wakapenya kwenye pengo la ua, wawili wawili. Kwanza wamsalimie kwa Ekegusii, tena salamu kamili. Kisha aulize: wewe ni wa nani? Mama yako alizaliwa wapi? Ikonge? Ikonge ya upande gani? Hakuchoka mpaka apate shangazi fulani anayewaunganisha. Hapo ndipo mpira ulipotoka, pamoja na ndizi mbivu. Mwalimu Joyline, wa michezo, alilalamika kwamba nusu ya mazoezi huishia kwenye baraza ya bibi huyo.

Sisi tuliliita jambo hilo kero. Mwenyekiti wetu, Mzee Ogoti, alimsimamisha kikaoni akamuuliza anataka nini. Alipinda pindo la leso, akalikunjua, akalipinda tena.

"Mboga zangu zinaharibika," akasema mwishoni. "Mipira isiingie kwangu tena."

Watu wakapiga makofi. Nikaandika, nikapigia mstari.

Sasa najiuliza angesema nini kingine. Asimame mbele ya watu themanini, pasta yupo, mashemeji wapo, aombe mboga zake ziendelee kukanyagwa? Mimi naishi na wajukuu saba, na gazeti nalisomea chooni ili nipate utulivu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kaunti ilijenga ua wa waya wa mita nne kwenye mpaka wote. Pengo likazibwa, na lango likawekwa upande wa barabara kuu.

Baada ya mwezi nilimpelekea fomu atie sahihi kwamba ameridhika. Ilikuwa saa kumi jioni. Nyuma ya waya wasichana walikuwa wakipiga kelele za mchezo. Chinsaga ilikuwa imesimama vizuri, imekomaa hadi kutoa mbegu, kwa sababu mtu mmoja haimalizi. Alinipa ndizi, akaniuliza mimi ni wa nani na mama yangu alizaliwa wapi. Ananijua miaka arobaini. Nilijibu yote.

Alitia sahihi polepole. Kisha akaondoa gunia juu ya kikapu. Ndani mlikuwa na mpira mmoja, ulioanguka siku moja kabla ya ua kukamilika.

"Waambie mpira wao uko hapa."

"Nitawapelekea mwenyewe, Mama," nikasema, mkono nishaunyoosha.

"Usiwapelekee, Katibu. Waambie tu waje."

Nilimwambia Mwalimu Joyline siku hiyo hiyo. Alicheka, wala si kwa ubaya. Kaunti imewapa mipira sita mipya, akasema, na kutoka lango jipya hadi kwa Mama Esnah ni mzunguko wa kilomita nzima. Huo mmoja awawekee wajukuu wake.

Sijapata namna ya kumwambia. Nikienda sokoni siku hizi napita njia ya juu, ingawa ni ndefu na ina matope. Lakini kanisa letu ni moja. Sabato iliyopita alinishika mkono mlangoni, akaniuliza kama nilifikisha ujumbe. Nikasema nimeufikisha, na kusema kweli niliufikisha.

Akanishukuru sana. Akasema ameshakata mkungu mwingine, na ndizi zimeanza kuiva.