Ng'ombe Aliyebadilishwa

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika wodi ya macho ya hospitali moja ndogo upande wa Kericho. Kazi haikuwa na makelele. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wazee wenye mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hauumi. Unamfunika mtu pole pole kama ukungu juu ya majani ya chai, mpaka siku moja anajikuta akisalimia nguzo ya ua.

Mzee mmoja wa Sosiot aliletwa na mkewe, macho yote mawili yakiwa yamezibika. Alilima chai, na alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye alimkama mwenyewe kwa kupapasa. Siku moja kabla ya upasuaji nilimkata kope za jicho la kulia kwa makasi niliyoyapaka vaselini, ili zinate hapo zisiingie jichoni. Alitulia kama mtu anayenyolewa, na muda wote alinisimulia habari za yule ng'ombe: mwekundu, mwenye baka jeupe usoni.

"Nikianza kuona, wa kwanza kumwangalia ni yeye," alisema.

Mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda. Hakuonekana kuudhika kwa kuwekwa wa pili. Alionekana kuogopa.

Upasuaji ulienda vizuri. Tulilifunga jicho kwa pedi na ngao juu yake, nikampa masharti: alale chali, asiiname, asibebe kitu, asikohoe kwa nguvu. Aliuliza kama kuomba kunaruhusiwa. Nikamwambia kunaruhusiwa, mradi asipige magoti.

Mkewe alinifuata koridoni.

"Sista, hiyo bandeji inatoka lini?"

"Kesho asubuhi, mama."

"Haiwezi kukaa kidogo? Kama mwezi hivi?"

Nilimwambia haiwezi. Ndipo akanieleza. Mwaka uliopita, mzee akiwa kwa binti yao huko Kimulot, yule ng'ombe mwekundu alivimba tumbo akafa. Mama aliona mumewe ameshapoteza macho, si vizuri apoteze na ng'ombe. Akachukua bonasi ya chai, yale malipo ya mwisho wa mwaka, akanunua mwingine soko la Chepilat, akamzoesha kuitika jina la marehemu.

"Huyu ni wa rangi gani?" nikauliza.

"Mweusi na mweupe."

Chuoni tulifundishwa kumwandaa mgonjwa kabla ya kumfungua bandeji. Mambo ya ng'ombe hayakuwamo. Nilimshauri amwambie mzee mwenyewe, papo hapo wodini, kwa sababu mtu aliyetoka kupasuliwa jicho hafai kushtuka nyumbani akiwa ameshika ndoo.

Asubuhi nilipofika na trei yangu, mama alikuwa amemshika mumewe mkono. Alisema yote bila kuvuta pumzi. Mimi nilijishughulisha na pamba.

Mzee aliupapasa mkono wa mkewe. Kisha akasema, "Yule wangu alikuwa anapiga teke. Huyu ametulia kama mzee wa kanisa, na chuchu zake ni fupi. Ulifikiri hata mikono yangu ina mtoto wa jicho?"

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umehangaika sana. Nikaona nisikuharibie."

"Na juzi mbona ulimwambia sista ni mwekundu?"

"Si ulikuwa umekaa hapo?"

Mama alilia, halafu akacheka. Mzee naye akaanza kucheka. Nikamkataza, maana kucheka ni ndugu ya kukohoa.

Nilitoa ngao, nikatoa pedi, nikapangusa jicho kwa pamba yenye maji ya chumvi kutoka upande wa pua kwenda nje. Nikainua vidole.

"Vitatu," alisema. "Kimoja kina dawa ya manjano."

Kisha akaangalia nyuma yangu, kwa mkewe, akakaa hivyo muda mrefu. Mama alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Nilikuwa na matone ya kutia, lakini nilisubiri.

"Umekonda," mzee akasema.

"Kuficha ng'ombe ni kazi," akajibu.

Mzee aliporudi kliniki alikuwa amevaa miwani minene tuliyompa, na alikuwa akiinua miguu juu kama mtu anayevuka mto, kwa sababu sakafu ilimjia karibu kuliko ilivyokuwa. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Nilimwuliza habari za ng'ombe. Alisema ana sura mbaya kuliko alivyotarajia, lakini maziwa hayana shida. Tukakubaliana jicho la kushoto lisubiri mpaka chai ipungue shambani.