Kokoro la Mdogo Wangu

Watu wa mwalo wetu hapa Ujiji, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanaujua mdomo wangu. Nimeanika dagaa tangu nikiwa binti, na waliponichagua kwenye kamati ya ufukwe sikwenda kule kukaa kama pambo. Siku ya kuamua habari ya makokoro nilisema kuliko wanaume. Kokoro ni wavu unaovutwa kwa kamba kutoka nchi kavu, nalo halina huruma: linakomba mayai na vitoto vya samaki vilivyojificha kwenye majani. Tulikuwa tumeonya, tumebembeleza, tumetoza faini. Nikasema yachomwe, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

La mdogo wangu wa tumbo moja lilikuwamo kati ya tuliyoyakamata. Nilijua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sikutaka mtu aniimbie methali hiyo.

Kesho yake asubuhi yakarundikwa mchangani, yakamwagiwa petroli na kuwashwa. Mdogo wangu akaja mbio kutoka Kasingirima, kifua wazi. Vijana wa kamati walimshika, wakamwangusha, akawaponyoka. Akaidaka kamba ya kokoro lake na, kama mvutaji yeyote, akaizungusha kiganjani isimteleze, kisha akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Mikono yake haikujua namna nyingine ya kuvuta. Wavu ukaja ukiwaka, nailoni ikimyeyukia mikononi. Alipotaka kuachia, kamba haikuachia.

Mimi ndiye niliyeikata, kwa kisu changu cha samaki.

Sasa, miezi mingi baadaye, vidole vyake vimejikunja kwa makovu na havikunjuki. Wifi yangu anashinda shambani Kidahwe, kwa hiyo mchana naenda mimi kumlisha. Hanilaumu. Afadhali angenitukana. Wachokozi wa mwaloni huniuliza kama ningenyoosha mkono tena, nami huwajibu kuwa ningenyoosha, maana ziwa likifa, yeye na wanawe watakufa njaa ukingoni mwake. Naamini hivyo, na nachukia kuamini hivyo.

Jana nilimpelekea ugali wa muhogo na dagaa. Nilimega tonge nikamtia kinywani. Akatafuna polepole, akiwatazama dagaa waliobaki kwenye sahani.

"Dada, hawa wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

Akameza.

"Wamekua," akasema, akafungua tena mdomo, akingoja mkono wangu.