Pongezi kwa P Ndogo

Nacheka sasa, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia na kiti changu, maana nilimfanya mgeni rasmi asimame kimya kujiombolezea mwenyewe mbele ya kijiji kizima, na wa kulaumiwa (wanasema wao) nilikuwa mimi. Niliaibika, sikatai. Kukosea ndiko nitakakobishana nako mpaka mnichoke.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja pale Singida mjini, miaka ile vijiji vya ujamaa vinaanzishwa na kila kijiji kipya kina risala, kila risala ina mgeni rasmi, na kila mgeni rasmi anataka kuambiwa maneno yaleyale aliyoambiwa mwenzake wiki iliyopita. Nilichoka. Nikachukua kipande cha boksi nikakibandika ukutani juu ya mashine yangu, nikakiandika nukta zangu, yaani herufi moja moja na maneno yake marefu pembeni. Bosi wetu, Ndugu Elia, akitaka ule utangulizi mrefu wa kwa heshima na taadhima, badala ya kuuandika wote kwa kalamu anaweka nukta na K mwanzo wa mstari, basi, mimi nikiiona naangalia ukutani na kuupiga wote ulivyo. Nukta S ni shukrani. Nukta M ni kumalizia, na ndani yake M ilikuwa inaita S, kwa hiyo herufi moja inakuletea aya mbili (hapo nilijiona nimefika). Palipohitaji jina la mtu au la jambo niliacha mstari mtupu, unajaza alichokiandika bosi mbele ya nukta. Risala ya kurasa tatu Ndugu Elia alikuwa anaiandika kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja.

Hakuzipenda mwanzoni. Aliniambia waziwazi kwamba siku nukta moja itakapomwaibisha atakichana kile kiboksi na mimi nitakwenda masijala kupanga mafaili na panya, na mashine ataikalia Halima, mwenzangu wa meza ya pili. Ile mashine niliipenda kuliko nilivyompenda mchumba wangu wa wakati ule, na mchumba alijua.

Sasa, nukta P ilikuwa pongezi. Kiangazi kimoja tukawa na misiba mingi, Ndugu Elia akataka na maneno ya pole. Herufi R ya rambirambi ilikuwa imeshakaliwa na ratiba. Nikaamua pongezi ziwe P kubwa na pole iwe p ndogo. Ndiyo hiyo tu, wenzangu, ndiyo dhambi yangu yote. Halima aliniambia, "Agnesi, mtakuja kumzika mtu angali mzima." Nikamwambia awe anavaa miwani.

Ikaja risala ya kijiji kimoja kipya upande wa Ikungi, wanafunguliwa kisima, na mgeni rasmi ni Mhandisi wa Maji wa Mkoa, ndiyo kwanza ameteuliwa. Ndugu Elia akaniletea karatasi yake: nukta K, halafu nukta P na maneno "kuteuliwa kwako kuwa Mhandisi wa Maji," halafu habari za kisima, halafu M. Na ile P, nawaapia, ilikuwa ndogo. Mtasema mtu mwenye akili angejua kuteuliwa si msiba. Angejua. Lakini uzuri wa nukta ni kwamba hufikiri, unapiga tu, na mimi nilipiga huku namsimulia Halima habari za kitambaa nilichokiona duka la Mhindi, nikachomoa stensili, ikarudufiwa, ikaenda.

Siku yenyewe tulipanda lori la ofisi wote, tukakalishwa mbele kwa heshima. Risala alikuwa anaisoma mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shabani, ambaye alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima mwaka uleule na alikuwa ameapa kwamba karatasi yoyote ikifika mkononi mwake haitoki na neno limebaki. Tulimpa shikamoo, akaitikia macho yakiwa kwenye karatasi.

Akaanza vizuri. Kisha akavuta pumzi, akasoma: "Tumepokea kwa moyo mzito na masikitiko makubwa habari za kuteuliwa kwako kuwa Mhandisi wa Maji. Ni pigo si kwa familia yako tu, bali kwa wananchi wote."

Ndugu Elia alinigeukia polepole, nami nikaangalia kisima. Alimfanyia Mzee Shabani ishara ya mkono aruke, lakini mzee alidhani anaambiwa apaze sauti, akapaza. Akaomba Mungu awape mke na watoto wa mgeni subira katika kipindi hiki kigumu. Huko nyuma mama mmoja akaanza kulia, wengine wanaulizana nani amekufa. Na mwisho wa ile aya (niliuandika mimi, tena niliuona mzuri) ulisema tusimame sote, tukae kimya.

Watu wakasimama. Kofia zikavuliwa. Mgeni rasmi akatazama kulia na kushoto, akaona kabaki peke yake kitini, naye akasimama, akainamisha kichwa. Nawaambieni, kimya kile kilikuwa kirefu kuliko ibada.

Tulipoketi akauliza kwa upole nani ameandika risala. Ndugu Elia hakusubiri, alininyooshea kidole. Nilisimama, nikaona kiboksi changu kinachanwa, nikaona panya wa masijala, na hapo hasira ikanipanda badala ya machozi.

"Ni mimi, ndugu mgeni rasmi," nikasema. "Mkoa wetu hauna maji na wewe ndiye umepewa kazi ya kuyatafuta. Kazi ya namna hiyo mtu hupewa pole kwanza, pongezi atapewa maji yakitoka."

Yule bwana akanitazama, akafuta uso kwa leso. "Toka niteuliwe," akasema, "huyu ni wa kwanza kunipa pole." Hakucheka. Akafungua kisima.

Msidhani nilipona. Jumatatu Ndugu Elia alikichana kiboksi mbele yangu, nikaenda masijala, Halima akakalia mashine yangu. Niliumia sana, sitawaficha. Lakini mkono wa Ndugu Elia ulikuwa umeshazoea, alikuwa anaandika nukta K bila kujijua na Halima anapiga nukta K vilevile ilivyo, barua zinakwenda wilayani zina herufi tu. Kabla ya masika nilirudishwa, bila samahani, na kiboksi kipya nikakibandika palepale. R nikaipa rambirambi, ratiba ikajitafutie. Herufi moja kazi moja, hapo nimeapa.

Ndugu Elia alipostaafu tulimchangia kadi. Wenzangu waliandika maneno marefu. Mimi niliandika nukta na P moja, nikaipima kwa makini isiwe kubwa wala ndogo. Akaitazama sana, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Agnesi, hii ni ipi?"

Nikamwambia aipige kama alivyoiona.