Cheni Imelegea

Miaka minne niliendesha pikipiki ya chama cha wafugaji, na katika miaka hiyo sikuwahi kuiwasha kabla ya kuizunguka na kuikagua. Kazi yangu ilikuwa kupandikiza ng'ombe mbegu kule Bahati na Dundori, na ng'ombe akishataka dume hamngojei mtu aliyekwama njiani. Siku tuliyokabidhiwa pikipiki, fundi wa chama, mzee mwenye mikono isiyotakata, alitupanga mstari, wanaume saba na mimi, akasema, "Kuendesha mtajua tu. Kuangalia ndiyo mtaacha."

Mimi sikuacha. Kila asubuhi, uwanjani pa nyumba zetu kuukuu za Bondeni, niliisimamisha kwa stendi kubwa nikainamia kidirisha cha oili. Nilibonyeza tairi kwa kidole gumba, nikabana breki ya mkono, nikakanyaga ya mguu, nikaweka kiganja mbele ya taa kuona kama inawaka. Mwisho niliinua cheni kwa kidole kutoka chini. Ikicheza upana wa vidole viwili, basi iko sawa. Ikizidi, natafuta spana. Majirani walizoea kuniona nimechuchumaa pale na sketi nimeibana magotini. Mume wangu hakuzoea.

Si kwamba alinikataza. Yeye alikwenda kiwandani kwa miguu na kurudi kwa miguu, na Jumamosi aliiazima pikipiki kwa raha zake. Lakini Jumapili moja tulikuwa na wageni wa kanisa mezani, na mmoja wao akaniuliza habari za kazi. Kabla sijajibu, mume wangu akasema, "Huyu siku hizi ndiye mwanaume. Mimi ndiye napika." Wakacheka. Hakuwa amepika hata chai. Mimi pia nilicheka, nikainuka kuongeza mchuzi, na tangu hapo sikumsemesha. Chakula nilimwekea, nguo nilimfulia. Maneno ndiyo niliyomnyima.

Ijumaa ya wiki hiyo nilirudi kutoka Dundori kwa barabara ya mawe, nikaisikia cheni ikigonga chini yangu njia nzima. Nilipofika nyumbani niliiinua: ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nati ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeanza kufunguka. Mvua ilikuwa inaanza, nami nilikuwa nimechoka. Nikasema nitaikaza asubuhi kabla haijatoka.

Asubuhi hatukuwa tumekunywa chai simu ilipolia. Ni mama mkwe, aliyekuwa akiishi Kihoto, Naivasha. Maji ya ziwa yalikuwa yamefika mlangoni kwake na alitaka mwanawe aje amsaidie kuhamisha vitu. Mume wangu akatoa ufunguo msumarini. Mimi nilikuwa kwenye mfereji wa uwanjani nikisugua sufuria. Akaisukuma pikipiki akapita karibu nami kabisa, nikaiona cheni ikiyumba.

Maneno mawili yalitosha: cheni imelegea. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikamngoja aseme yeye kwanza, neno lolote, hata "nimeenda". Alisimama, akanitazama, na nadhani naye alikuwa ananingoja mimi. Kisha akapiga kiki, akaondoka.

Nilijiambia ataisikia mwenyewe. Nilijiambia ataendesha polepole. Nilijua vizuri kwamba haendeshi polepole.

Alipopita Gilgil cheni iliruka, ikajikunja kwenye gurudumu la nyuma, na gurudumu likakwama. Alirushwa kando ya barabara. Lori lililokuwa nyuma yake lilimkwepa kwa bahati tu. Mtu nisiyemjua alinipigia kwa simu ya mume wangu akasema, "Mathe, huyu mtu wako yuko hai. Lakini mguu umeumia vibaya."

Mama mkwe alifika hospitalini kabla yangu, gambuti zake zimejaa matope. Alikuwa amefunga vitu vyake akamngoja mwanawe, na katika kungoja huko maji yakaingia yakaloweka kila kitu. Hakunisalimia.

"Wewe ndiye unajua hiyo pikipiki," akasema. "Ilikuwa na shida gani?"

Nikafungua mdomo. Mume wangu akajibu kutoka kitandani, "Mama, wacha. Ni mimi sikuangalia."

Nikaacha neno lake lisimame. Siku ile nilitaka kuamini kwamba amenihurumia. Baadaye nikawaza kwamba labda hakutaka tu isemwe kuwa mkewe ndiye huangalia kwa niaba yake. Mpaka leo sijui ni lipi.

Chama kiliuliza kwa nini pikipiki ya kazi ilikuwa barabara ya Naivasha siku ya Jumamosi. Waliitengeneza wakampa mwenzangu mmoja, mimi wakaniweka kupima maziwa kwenye kituo cha kupokelea. Kiwandani hawakumngoja mume wangu apone. Nyumba ya Kihoto haikukauka, kwa hiyo mama mkwe akahamia kwetu, analala chumba cha mbele.

Alasiri moja mama alikuwa ameenda sokoni. Mume wangu alikuwa amekaa, mguu wake mbaya ameuweka juu ya stuli. Akaniuliza bila kunitazama, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Akausogeza mguu kidogo juu ya stuli. Kisha akasema, "Mguu wangu wote, kwa ajili ya mzaha wa mezani."

"Haukuwa mzaha," nikasema.

Alitaka kujibu, lakini mama mkwe akaingia na mboga zake, nikainuka kumpokea. Hatujalizungumzia tena, na sidhani tutalizungumzia.

Kanisani wanatusifu. Wanasema mke mwingine angekuwa ameshaondoka. Mwezi uliopita mchungaji alituomba tuzungumze na vijana wanaotaka kuoana, tuwaeleze jinsi watu wawili wanavyovumiliana. Tulikwenda. Mume wangu alizungumza vizuri, na ilipofika zamu yangu nikasema yeye amemaliza yote.