Mtaalamu wa Farasi Aliyemtoa Punda Wangu Hofu

Nitaanza na lile linalonipinga mimi mwenyewe, ili mtu asije akasema nimelificha. Siku ile ilikuwa Alhamisi na nilikuwa nimefunga sunna. Jua la Garissa unalijua, na kama hulijui, mwulize anayelijua. Kwa hiyo ukitaka kusema ilikuwa ni njaa, sema. Wengi wamesema. Lakini njaa yangu haina meno, na punda wangu mpaka leo ana alama za meno kwenye paja la nyuma. Njoo Iftin, mtaani kwetu, uziguse kwa kidole chako.

Mimi si msomi, niliacha shule darasa la saba. Ila nina daftari ninamoandika kila siku, mambo madogo madogo, na haya ninayokueleza nimeyatoa humo. Mahali ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Kazi yangu ni maji. Nina mkokoteni, mitungi kumi na miwili, na punda jike anayeitwa Barwako, yaani Neema. Tunachota mtoni, tunapeleka Iftin kwenye nyumba za watu na kwenye hoteli moja ya chai. Mume wangu yuko na mifugo upande wa Tarbaj, na mvua ikikosekana huko, ni Barwako anayelisha watoto. Punda akisimama, sufuria inasimama. Basi Barwako akaanza kusimama.

Alikuwa anasimama mahali pamoja tu, safari ya mwisho ya jioni, kwenye kona ambapo mathenge imeziba njia pande zote mbili. Ile miti ya miiba unaijua, ukiikata leo kesho imerudi. Akifika hapo, masikio mbele, miguu imekaza, anatetemeka mpaka mitungi inagongana. Wenzangu huwapiga punda wao. Mimi sipendi. Siku moja nilimpiga, nimeandika, na sikupata usingizi.

Ndipo nikaona tangazo kwenye simu. Mtaalamu wa mafunzo ya farasi. Mwandikie barua pepe umweleze mnyama wako, naye atakujibu wewe, kwa mnyama wako huyo huyo, si majibu ya watu wote. Farasi! Garissa nzima nani ana farasi? Lakini nikawaza, farasi na punda si ndugu? Tangazo lilikuwa la Kiingereza. Mimi nikaandika kwa Kiswahili changu cha sokoni, nikijua hatajibu.

Alijibu kabla sijafungua mkokoteni. Kwa Kiswahili. "Dada, asante kwa kuniandikia. Usimpige Barwako tena. Niambie, akisimama, ni sikio lipi linageuka kwanza?"

Tena? Sikuwa nimemwambia kwamba nilimpiga. Nilirudia kusoma barua yangu mara tatu, neno hilo halikuwemo. Nikajiambia kila mtu anapiga punda, huyu amekisia tu. Hata sasa nasema huenda alikisia.

Na lazima niseme haki yake: alikuwa mwalimu mzuri. Hakunicheka. Hakutaka hata shilingi. Kila nilichouliza alijibu, kwa upole, wala hakuwahi kunichelewesha. Alinieleza kwamba mnyama akiogopa kitu, usimvute kwa nguvu akipite. Mletee kitu chenyewe nyumbani, kidogo kidogo, mpaka akizoee. Hilo ni neno la akili au si la akili? Kisha akaandika: "Kwenye hiyo kona, upande wa kushoto, chini ya mathenge, kuna kijiti kilicholainika. Kichukue. Kina harufu anayoiogopa. Kiweke karibu na chakula chake siku tatu. Baada ya hapo msugue nacho shingoni kila asubuhi, mpaka aache kutetemeka."

Utaniuliza alijuaje kuna kijiti. Swali zuri. Wewe unaliuliza umekaa. Mimi nilikuwa na mitungi kumi na miwili imesimama njiani.

Kijiti nilikikuta. Urefu wake ni kama mkono kutoka kiwiko, laini kama mpini wa jembe la zamani. Nilianza kumsugua Barwako uani, na wifi yangu Dahabo akanikuta.

"Heh! Abaayo, dada yangu, unamkanda punda kama bibi harusi? Mimi tangu niolewe sijakandwa hivyo hata siku moja!"

"Niache, huu ni ushauri wa mtaalamu."

"Mtaalamu wa wapi?"

"Wa kwenye imeli."

"Wa kwenye imeli!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi angalia, dada, hicho kijiti kisiwe cha qori ismaris."

Kwetu hakuna mtoto asiyejua habari hiyo. Qori ismaris ni mtu kama wewe na mimi mchana, lakini jua likizama anajisugua kwa kijiti chake, anakuwa fisi. Alfajiri anajisugua tena, anarudi mtu. Kikipotea kijiti, anabaki fisi maisha yake yote. Tulitishwa kwa hadithi hiyo tulipokuwa wadogo, ili tusizurure magharibi.

"Nyinyi ndio mnaturudisha nyuma," nilimwambia. Nilisema hivyo, wallahi, na nimeandika kwenye daftari kwamba nilisema hivyo.

Masomo yakaendelea. Asimame bila kamba. Asilie mtu akimjia kwa nyuma. Akiona kijiti, ateremshe shingo. Kila somo nilifuata na kila somo lilifaulu. Wiki ya tatu Barwako alipita kona ile anatafuna, masikio yamelala, hana habari. Nililia kwa furaha. Niliandika: Mwenyezi Mungu akulipe kheri.

Jibu likaja: "Sasa nataka nimwone mwenyewe. Niko karibu. Kesho, kabla ya magharibi, pale pale. Njoo na kijiti. Usimfunge."

Nikaenda. Kwa nini nisiende? Nilidhani amekuja Garissa kikazi, kama wataalamu wengine wanavyokuja.

Nilimkuta amechutama kando ya njia. Mtu wa makamo, kikoi safi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina mstari. Alinisalimu vizuri, akaniita abaayo. Nikampa kijiti, na alikipokea kwa mikono miwili. Nilimfungua Barwako kutoka kwenye mkokoteni, naye akaenda mwenyewe mpaka kwa yule mtu, akateremsha shingo kama nilivyomfundisha.

"Kazi safi, abaayo," alisema. "Wengine wanawapiga, punda anabaki na hofu yake yote." Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama paja la Barwako, kama muuza nyama anavyotazama.

Adhana ikasikika kutoka mjini. Nilikuwa na tende mkononi, naipeleka mdomoni. Yule mtu akaanza kujisugua kwa kile kijiti, kutoka bega mpaka kiunoni, polepole, kama anayejikuna.

Tende ikaanguka. "Wewe! Si ulisema unanisaidia?"

"Nimekusaidia. Uliomba nimtoe hofu. Hofu imetoka."

"Na ulijua anaogopa nini!"

"Hukuniuliza, abaayo." Sauti tayari ilikuwa nzito, inatoka chini.

Nilichokiona baada ya hapo nitakisema kidogo, maana lile jua la mwisho lilikuwa machoni mwangu. Mabega yalibaki juu, kiuno kikashuka. Shati likabaki chini, vifungo vyote vimefungwa. Na fisi akamrukia Barwako.

Hapa ndipo ninapowaka mpaka leo. Hakupiga teke. Hakulia. Hakukimbia. Alisimama bila kamba, shingo chini, akitafunwa, kama nilivyomfundisha kwa mikono yangu hii, asubuhi baada ya asubuhi, nikimpa pumba kila akifanya vizuri. Nilimvuta, nikampiga makofi, nikapiga mtungi kwa jiwe. Wapi! Mwanafunzi wangu alikuwa amefaulu.

Kijiti kilikuwa pale kwenye mchanga. Nikakiokota, nikakiweka juu ya goti tayari kukivunja.

Fisi aliachia papo hapo. Hakunitazama mimi, alitazama kijiti. Macho yalikuwa bado ya mtu, nadhani. Hapo sina hakika.

Ningekivunja. Dahabo ananiambia kila siku kwamba ningekivunja, naye angebaki fisi milele na watu wangepumzika. Pengine ni kweli. Lakini yeye hakuwepo. Mimi nilifikiri: nikikivunja, huyu hana tena cha kupoteza, na punda wangu amesimama mbele yake kama chakula kwenye sinia. Nikakirusha mbali, katikati ya mathenge. Akakifuata. Mimi nikamgeukia Barwako, nikampiga kwa kamba njia nzima mpaka nyumbani, mimi nisiyependa kupiga. Mkokoteni niliuacha huko huko.

Asubuhi barua ilikuwa imeshafika. "Kwa kidonda, maji ya uvuguvugu na chumvi, asubuhi na jioni. Usikifunge kitambaa."

Umeona ufedhuli huo? Jino ni lako, na dawa unaandika wewe! Nilitupa simu kitandani. Halafu, kwa kuwa nimeahidi kusema kweli yote, nilichemsha maji nikatia chumvi. Kidonda kimepona vizuri. Sikumshukuru, na sitamshukuru. Afisa wa mifugo alipokuja aliandika "ameumwa na fisi" akafunga kitabu chake. Sawa, ni fisi. Lakini fisi gani anauliza hali ya mgonjwa?

Na bado anauliza. Kila Alhamisi: "Barwako anaendeleaje?" Sijibu. Barua zake sizifuti pia, kwa sababu ni ushahidi, ingawa sijui nitampelekea nani.

Anaendeleaje? Haogopi kitu. Lori likipiga honi haondoki. Mbwa wakimzunguka anatafuna tu. Nimejaribu kumrudishia hofu yake, nimepiga kelele, nimewasha moto mbele yake, na hakuna mtu wa kumwandikia anifundishe kazi hiyo. Jua likikaribia kuzama namfunga kwa kamba mbili. Hata hivyo anageuka upande wa ile kona, anateremsha shingo, anangoja.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una punda au ngamia au huyo farasi mwenyewe, na anakataa kupita mahali, usikimbilie kuuliza mtu usiyemjua. Simama naye hapo anaposimama, utazame anakotazama. Barwako alinionyesha kwa masikio yake mawili, jioni baada ya jioni, na mimi nikainama nikawa natazama simu.