Anwani ya Mfano

Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umeulalia mtaa wote wa Majengo, Sumbawanga, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Siku hiyo Lydia hakuitikia shikamoo. Enock, bosi wake ambaye kwa umri Lydia angeweza kumzaa, aliingia ofisini akikung'uta koti la mvua, akamwamkia kama kawaida. Bertilla wa mapokezi akainamisha kichwa. Hakuwahi kuliona hilo tangu awafahamu wawili hao.

Lydia ni mwandishi wa miongozo. Aliishia kidato cha nne, akawa mpiga chapa wa parokia, hadi mradi ulipomwajiri awaandikie mafundi, kwa Kiswahili cha kueleweka, namna ya kusimika programu inayounganisha kompyuta za zahanati. Programu hiyo haina kompyuta kubwa katikati. Kila moja huzungumza na majirani zake, zikaambizana dawa gani ipo wapi. Ila kompyuta ikiwashwa, kama mgeni kijijini, lazima iwe imeonyeshwa mlango wa kubisha hodi. Mlango huo ni anwani anayoiandika fundi siku ya kwanza.

Lydia alikuwa na sharti lake: haandiki asilolijaribu kwa mkono wake. Kwa hiyo anwani aliyoiweka kuwa mfano ilikuwa ya kweli, ya kompyuta ya palepale ofisini. Chini yake akaandika: "Hii ni anwani ya mfano tu. Ifute, uweke anwani za majirani zako wawili wa karibu."

Mwaka jana Enock aliupunguza mwongozo kutoka kurasa thelathini na moja hadi nne. Sentensi ile ikaenda na maji, mfano ukabaki. Mafundi wakaunakili ulivyo katika zahanati zote kumi na moja, ukakubali, wakaondoka wakishukuru.

Jumatatu radi ikaiunguza kompyuta ya ofisi na umeme ukakatika wilaya nzima. Uliporudi, kompyuta kumi na moja zikawaka, zikabisha hodi mlango uleule. Hapakuwa na mtu ndani.

Jumanne Leonsi, mkulima wa ulezi njia ya Kasanga, akaumwa na nyoka, kifutu, shambani. Muuguzi wa zahanati yao akafungua orodha ya dawa, akaikuta tupu, na simu kwa mvua ile haikushika. Akampakia kwenye gari kuja mjini. Wakapita Matai, mbele ya zahanati ya tabibu Cleophas, ambako chupa mbili za dawa ya sumu ya nyoka zilikuwa kwenye friji.

Jumatano Leonsi akakatwa mguu.

"Alipita mlangoni kwangu, dada Lydia," Cleophas alimwambia kwenye simu. "Nilikuwa nimekaa barazani. Gari nimeliona."

Sasa Enock akavua koti. "Mama, radi ya Sumbawanga hiyo. Nifanyeje, niite mganga?"

"Usinichekeshe."

"Kompyuta mpya imefika. Naiwasha kwa anwani ileile, wote wanarudi. Kwisha."

"Hadi radi nyingine. Rudisha sentensi yangu."

"Watu hawasomi, mama."

"Walisoma ulichowaachia, Enock. Neno kwa neno."

"Toleo jipya ni mwezi wa sita. Tutaliangalia hapo."

"Na Leonsi naye arudishiwe mguu mwezi wa sita?"

Enock akawasha kompyuta. Mchana zahanati zote zilikuwa zimerudi, naye akapiga makofi peke yake.

Lydia alikaa na daftari lake. Nusu ya hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Angebuni anwani ya uongo, ingekataa siku ya kwanza, na fundi angepiga simu kuuliza. Anwani yake ya kweli ndiyo iliyowalaza mafundi usingizi. Akafungua mwongozo, akaifuta anwani ya ofisi, akaweka isiyofika popote, akairudisha sentensi yake, akachapa nakala kumi na moja.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alipanda gari la kwanza la Matai bila kuaga. Cleophas alimfungulia chumba cha kompyuta, akasimama nyuma yake. Lydia akaiondoa anwani ya ofisi, akaandika ya zahanati ya kina Leonsi na ya jirani mwingine. Kisha akampigia Bertilla.

"Zima kompyuta mpya. Nataka kuona kama zitapatana bila ya ofisi."

"Dada! Enock yupo hapa, atauliza nani kasema."

"Mwambie ni mimi. Zima."

Akaizima ya Cleophas pia, akaiwasha upya. Dakika moja. Dakika ya pili ilikuwa inakwisha orodha zilipofunguka: ya zahanati ya kina Leonsi, kisha ya jirani yule mwingine. Lydia akaandika saa kwenye daftari, akabandika nakala ukutani kwa gundi, akatoka kutafuta bodaboda ya kumpeleka zahanati ya pili.