Nilijaza, Akapunguza

Mume wangu alikuwa fundi wa malori Nakuru kwa miaka ishirini. Toronto anapakia mikate kwenye kreti kiwandani. Tulipofika alipeleka vyeti vyake kwenye ofisi fulani, akaambiwa aanze upya kama mwanagenzi, chini ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Akavirudisha kwenye bahasha na sijaviona tena. Alichobaki nacho ni Jumamosi, kwenye maegesho ya ghorofa yetu hapa mtaani Malvern, ambapo majirani walimletea magari yao wakimwita fundi. Siku nyingine sita alizivumilia kwa sababu ya hiyo moja.

Nayasema haya mapema ili usinione mjinga bila sababu. Nilikuwa mjinga, lakini sababu nilikuwa nayo.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawavisha, nawapikia uji, halafu naingia garini kwenda kwa mwingine. Bila gari hakuna kazi. Letu lilikuwa kuukuu, la otomatiki, la enzi zile ambazo giaboksi ilikuwa na kijiti chake cha kupimia mafuta chini ya boneti. Novemba likaanza visa. Naweka gia ya kwenda mbele, linafikiri kwanza. Tukipanda mlima, injini inanguruma na gari lenyewe halina habari.

Mume wangu alisubiri Jumamosi. Akaacha injini ipoe kabisa, akachomoa kijiti, akakifuta kwa tambara, akakirudisha, akachomoa tena.

"Iko full, mama," akasema. "Ni hii baridi tu inaisumbua."

Alipima vile anavyopima mafuta ya injini. Malori yake yote yalikuwa ya gia za mkono. Giaboksi za hayo unafungua bolti, unaingiza kidole, unajua mafuta yamefika wapi. Otomatiki hakuwahi kuitibu, na hilo hakuwahi kulisema, hata kwangu.

Mimi nilisoma kitabu cha gari. Kilikuwa kwenye droo mbele ya kiti, na mimi nina muda mwingi wa kukaa garini nikingoja saa ya mzee mwingine ifike. Kilieleza wazi: endesha mpaka gari lipate moto, simama mahali tambarare, kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, rudisha kwenye P, na injini usiizime. Ndipo uchomoe kijiti. Ukizima, mafuta yaliyokuwa yakizunguka juu hushuka yote chini, na kijiti kitakuonyesha yamejaa hata kama yamepungua.

Nikafanya hivyo hivyo mchana mmoja, nje ya nyumba ya mteja. Mafuta hayakufika hata alama ya chini. Na badala ya kuwa mekundu, yalikuwa meusi kama chai ya strungi, yananuka kuungua.

Jioni nilirudi nyumbani nikiwa na maneno yote mdomoni. Nikamkuta anamweleza jirani mambo ya breki, mikono hewani, uso umechangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu uwanja wa ndege. Nikayameza. Kesho yake nilinunua mafuta yale yale yaliyotajwa kitabuni, na faneli, nikajaza kidogo kidogo mpaka yakafika alama. Gari likatulia. Chupa nikazificha chini ya gurudumu la akiba.

Baada ya wiki mbili likaanza tena. Nikapima: yamepungua. Nikadhani linavuja, nikainama kutazama chini yake. Theluji ilikuwa nyeupe, hapana hata tone jekundu. Nikajaza tena. Yakapungua tena.

Jumamosi moja nikachungulia dirishani nikamwona mume wangu. Alikuwa na bomba la sindano na kimpira chembamba, ananyonya mafuta yangu mekundu kutoka kwenye giaboksi na kuyamwaga kwenye kopo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mezani alinieleza kwa furaha. "Waliotuuzia hii gari walijaza kupita kiasi. Kila nikipima naikuta imepita alama. Ningeiacha hivyo, sili zake za mpira zingepasuka."

Nikamwongezea ugali.

Tukaenda hivyo mpaka Machi, mimi najaza, yeye anapunguza. Nilijiambia namstahi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona raha pia. Kila aliposema "iko full", kulikuwa na kitu ndani yangu kilichokaa sawa kama malkia. Kwa hilo sijajisamehe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asubuhi moja, katikati ya barabara, injini ikanguruma na gari halikusogea tena, si mbele si nyuma. Mzee niliyekuwa namwendea hawezi kuinuka kitandani mpaka mimi nifike. Alilala kwenye mkojo wake hadi saa sita mchana. Binti yake alinipigia simu akilia, na kesho yake sikuwa tena na mzee huyo, wala wale wengine wa upande ule.

Kwenye gereji walikovuta gari walituambia giaboksi imekufa, ilikuwa inaendeshwa bila mafuta ya kutosha. Mume wangu akacheka kwa dharau. "Bila mafuta? Hii gari?" Akaenda kutoa vitu vyetu buti. Nikamwona anainua gurudumu la akiba.

Alirudi na chupa tatu tupu na faneli.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu."

Hakuhitaji kuelezwa. Yule ni fundi. Alizigeuza mikononi na mambo yote akayaona.

"Tangu lini?"

"Novemba."

"Kwa hivyo kila nikipanda juu nikikuambia iko full, ulikuwa unanicheka."

"Sikucheka."

"Ungenicheka ingekuwa afadhali," akasema. "Ningejua."

Nilitaka awe mkali, anitukane, avunje kitu. Alikwenda kusimama kwenye kituo cha basi.

Jumamosi iliyofuata mlango ukabishwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya tisa, baba mmoja wa Bukavu.

"Bonjour, fundi. Motoka yangu iko nafanya makelele pale mbele."

"Umekosea mlango, mzee," mume wangu akamjibu. "Hapa hakuna fundi."

Jirani akacheka akidhani ni utani. Kisha akaona si utani, akanitupia macho mimi niliyekuwa jikoni, nimsaidie. Neno moja lingetosha. Nikafungua maji, nikaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.